Nyuzi Themanini za Nta ya Kasulu

Ndugu Katibu wa Chama, ndugu Makatibu Tarafa mliopo na mlioleta udhuru, ndugu Makatibu Kata, Bwana Nyuki, Bwana Shamba, mabalozi wa nyumba kumi kumi, akina mama wa Umoja wa Wanawake, ndugu zetu wa Kibondo mliokuja kujifunza, wageni waalikwa na wageni mliojialika, wananchi wa Heru Juu, mabibi na mabwana: mwakeye! (Wazee wanapiga makofi ya polepole, kama Waha wanavyoitikia salamu.) Ahsanteni, ahsanteni, sikutarajia kushangiliwa kabla sijaanza.

Mimi, Hilali Tamimu, Afisa Mwandamizi wa Uratibu wa Sayansi Vijijini, ninayo furaha isiyo kifani kusimama mbele ya utepe huu, katika mwaka huu wa 1976, kuzindua projekti ambayo kamati yangu, chini ya uenyekiti wangu na kwa ushauri wangu, imeifanyia vikao visivyo na idadi, yaani Maabara ya Kupimia Kiwango cha Kuyeyuka cha Nta. (Kigelegele kimoja. Watu wanageuka kumtazama aliyekipiga.)

Kisayansi, na hapa nitajitahidi kushuka hadi usawa wenu, punje ya nta hutiwa ndani ya kijibomba chembamba cha kioo, kijibomba hufungwa ubavuni mwa kipimajoto, vyote huzamishwa kwenye maji yanayopashwa moto taratibu, mtaalamu akikodoa macho mpaka nta igeuke maji. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi sitini na tatu hivi. Iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe hulegea mapema, kama baadhi ya watumishi. (Kicheko.)

Lakini, ndugu zangu, sitini na tatu ni nini? Ni aibu! Ni kiwango tulichoachiwa na mkoloni! Katika planingi yetu ya miaka mitano, nta ya Kasulu itapanda mpaka nyuzi themanini, ongezeko la asilimia ishirini na saba, na kwa kuwa nasikia Kibondo wameahidi sabini na tano, sisi hatulali! (Makofi. Venanti, Bwana Nyuki: "Ndugu Afisa, nyuzi za nta hazipandishwi kwa kikao.") Bwana Nyuki, huo ndio uvivu wa fikra tunaoupiga vita!

(Winifrida, mke wa mrina asali Nestori, anasimama: "Mawe, mama yangu! Na nta ya mume wangu, je? Ghalani waliikataa, wakasema kaichanganya na mafuta ya ng'ombe. Wamemwita mhujumu, wamemkataza kutundika mizinga msituni. Mlisema leo mtaipima!")

Swali zuri, mama, ingawa halimo katika ratiba. Haki ya Nestori iko mikononi mwa sayansi, na sayansi iko mikononi mwangu. Nta yake tuliizuia kama ushahidi, na natamka hadharani: ikionekana safi, nitamwomba radhi mbele yenu, na kesho atatundika mizinga yake! (Nestori anavua kofia. Makofi marefu.)

Sayansi! ("Juu!") Nta! ("Iyeyuke!") Zidumu nyuzijoto za Kasulu! ("Zidumu!")

Sasa shukrani. Namshukuru Abdalah mwenye duka kwa kutuazima utepe, ambao ameomba usikatwe, kwa hiyo nitaufungua fundo. Nalishukuru ghala kwa chumba hiki, ambacho kesho kinarudishiwa maharage yake. Nawashukuru wataalamu watakaoteuliwa, kijibomba kitakachoagizwa, na kipimajoto kitakachoombwa mara projekti itakapopata kibali, kwani kwa sasa bado iko katika hatua ya hotuba. Kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Nestori kwa nta yake yote: vijana wameisugulia sakafu hii tangu juzi, tazameni inavyong'aa, na mimi mwenyewe niliinama nikanusa, hakuna hata harufu ya mafuta ya ng'ombe. Kwa bahati mbaya haikubaki punje ya kupima, kwa hiyo tuhuma zake zinaendelea na mizinga ibaki chini. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.