Daktari wa Mbao na Mlango wa Mvule

Ugonjwa wa mlango wenyewe ulikuwa mdogo: mbwa alikuwa ameuparura kwa chini. Msasa, vanishi kidogo, kazi kwisha. Lakini fundi aliyejulikana mtaani kama Daktari wa Mbao hakuwa mtu wa kutibu mafua ilhali mgonjwa ana mali. Aliutazama ule mvule mzito wa kizamani, mate yakamjaa. Ajabu ya dunia, mbao kama ile huangukia watu wasiojua thamani yake.

Mbele ya mlango, mama mmoja mnene alikuwa akihangaika na kitasa.

"Pole, mama. Hii si mikwaruzo ya mbwa. Ni mchwa." Akapitisha kiganja chini ya mlango, kikatoka na mchwa wawili. Alitembea nao mfukoni, kwenye kiberiti, kama daktari mwingine atembeavyo na vidonge.

"Yarabi! Na mume wangu anarudi jioni! Funguo zenyewe nimezisahau ndani."

"Ondoa shaka. Naung'oa, nautibu karakanani, kesho nakuletea."

Kesho ya Daktari, wateja wake wa zamani wanaisubiri hadi leo.

Bawaba zilikuwa kwa nje. Akazifungua kwa bisibisi, mlango ukatoka. Mama alimshukuru mpaka mwenye haya angeona haya.

"Sasa mwanangu, nyumba wazi hivi, wezi si watanimaliza? Nisaidie vitu vikalale kwa dada yangu. Gari la shemeji lile pale."

Daktari akabeba. Televisheni, friji, magodoro, hata mapazia aliyashusha yeye. Jirani wa ng'ambo alimsalimu, naye akaitikia kwa bashasha. Moyoni alicheka: wajinga ndio waliwao! Mama akampungia mkono, gari likaondoka.

Ndiyo kwanza amejitwika mlango kichwani, mwalimu mmoja na mkewe wakamsimamisha, wametoka kazini.

"We bwana, huo si mlango wetu?"

"Ndiye huyo!" jirani akapiga kelele. "Nimemwona akitoa friji kwa mikono yake!"

"Ndugu zangu, nimetapeliwa!" Daktari alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Kuna mama hapa, wallahi..."

Maisha yake yote alisema uongo, akaaminiwa. Leo kasema kweli, watu wakaangua kicheko.

"Polisi wako njiani," mwalimu alisema. "Kwanza rudisha mlango. Na hiyo mikwaruzo iondoe."

Alipiga msasa, akapaka vanishi, akakaza bawaba. Hofu ilimfanya fundi. Alipomaliza, wakamsukuma ndani ya ile nyumba tupu yenye nondo madirishani, wakazungusha ufunguo.

Daktari akaujaribu mlango kwa bega. Haukutikisika hata kidogo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uaminifu, na aliifanya vizuri mno.