Sabufa Kwenye Kiti cha Mkurugenzi

Kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe, Mkurugenzi Mstaafu alitangaza kuwa sabufa mpya imewasili na kwamba sebule, kuanzia sasa, iko chini ya Kamati ya Uwekaji Besi. Yeye mwenyekiti, mkewe katibu, mama mkwe mjumbe. Maamuzi yatapitishwa kwa kura. Kura alizipenda; katika utumishi wake wote hakuwahi kushindwa kura aliyoihesabu mwenyewe.

Wizarani walikwisha kumtoa kitini kwa makofi na saa ya ukutani. Alichobaki nacho duniani ni kile kiti cha sebuleni, katikati kabisa, ambacho hata paka alikizunguka kwa mbali. Hapo ndipo besi ilipotakiwa kuripoti.

Besi haikuripoti. Sabufa ikiwekwa kwenye kona, vikombe vilitetemeka kabatini. Ikiwekwa chini ya dirisha, ilinywea. Fundi aliyeiuza akaeleza utaratibu kwa simu: iweke juu ya kiti unachokalia, fungulia muziki, halafu utambae chumba kizima. Utakaposikia besi imetulia, ndipo pa kuiweka.

Mkurugenzi aliuliza kama kazi ya kutambaa inaweza kukasimiwa kwa ngazi za chini. Mkewe akajibu kuwa magoti yake hayamo kwenye hadidu za rejea. Mama mkwe hakuulizwa; adabu ni adabu.

Basi sabufa ikaketishwa kitini, muziki ukafunguliwa, na mtu mzima akapiga magoti, tai shingoni, akaanza ziara ya kikazi. Alipita chini ya meza, akapita mbele ya miguu ya mkwewe akiomba radhi, na mkwewe kwa heshima akatazama ukuta. Nyuma ya mlango, kando ya viatu, uso ukamchangamka.

"Ni hapa hapa," alisema. "Andikeni."

Katibu akaandika, kisha akatoa hoja. Mwenyekiti amepata mahali anaposikia vizuri, na sabufa ilipo haina kosa. Ya nini kuhamisha mzigo wakati kiti ni chepesi? Mikono miwili ikanyooshwa. Mkurugenzi aliihesabu mara mbili, akiwa bado chini.

Kiti kikaenda kwenye viatu. Sabufa ikatua katikati ya sebule, na muziki ukaendelea. Kule nyuma ya mlango Mkurugenzi, roho ikimuuma kwelikweli, alianza kuhutubia juu ya nidhamu, lakini hakusikika.

Mama mkwe aliitazama sabufa.

"Hii nayo inanguruma," alimwambia bintiye, "ila angalau ina kitufe cha kupunguza."