Vita vya Mama Chapa vya Kuurudisha Usimamizi wa Kompyuta

Enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mnaojifanya hamsikii, sogeeni! Hizi ni habari za Mama Chapa, bingwa wa vidole kumi, malkia wa barua za maombi, aliyeingia vitani peke yake asubuhi ya Jumanne.

Adui alikuwa mumewe, aitwaye Fundi. Fundi huyo alikuwa amemvua madaraka ya usimamizi katika kompyuta pekee ya duka lao la kuchapa, akambakiza mtumiaji wa kawaida, eti mkono wake mwepesi mno kubofya. Siku ya tatu walikuwa hawasemezani, wamepeana migongo, na Mama Chapa alikwisha kuapa: atakayefungua kinywa kwanza si yeye!

Ikaja printa mpya, na kuiunganisha kwahitaji msimamizi. Mama Chapa akaipa kompyuta amri ya msimamizi, akaandika neno lake la siri. Mashine ikajibu kwa kiburi: "Jina lako halimo katika orodha ya wasimamizi. Tukio hili litaripotiwa."

Litaripotiwa kwa nani? Kwa huyo huyo aliyeketi hatua mbili nyuma yake, anasafisha miwani! Lo, damu ilimchemka.

Akaizima mashine, akaiwasha, akaipitia mlango wa uani, ile hali ya uokoaji ya kutengenezea kompyuta iliyoharibika, ambako aliyeishika kompyuta mkononi haulizwi ni nani. Diski ikagoma, ikasema inasomwa tu, haiandikwi. Akaiamuru iandikike, nayo ikanywea. Kwa mstari mmoja akajirudisha orodhani. Kisha, enyi watu, akabadilisha neno la siri la mumewe.

Adhuhuri Fundi akaketi kwenye kompyuta, akataka kuipa amri ya msimamizi. Akakataliwa mara tatu. Akakohoa. Akatazama dari. Mwisho akanena:

"Mwenzangu, neno langu la siri lina nini leo? Nimebisha mara tatu, nafukuzwa kama mwizi!"

"Nimelibadilisha, bwana wangu. Andika: nimekosa mke wangu nisamehe. Herufi ndogo, bila nafasi."

"Yote hayo?"

"Yote. Na skrini haikuonyeshi hata nukta, basi litamke usije ukapotea."

Mbele ya wateja wawili Fundi akaandika huku akitamka, uso umemwiva. Akakosea herufi moja.

"Rudia," akasema mkewe.

Akarudia, safari hii polepole, naye akimtazama yeye wala si kompyuta. Mashine ikamfungulia.

Yaandikwe basi: siku hiyo, saa saba na robo, dola ile ya meza mbili ilipata wasimamizi wawili, na Mama Chapa, mshindi wa vita, ndiye aliyeangua kicheko kwanza.