Joka Lisingesema Neno Bila Mimi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaogawana meza hiyo. Mimi si mzima. Toka Jumapili iliyopita, gazeti lako lilipochapisha "Matukio Matano Yasiyosahaulika" ya zile filamu sita za *Funguo za Ukungu*, kama yalivyopigiwa kura na wasomaji, chakula hakinipiti kooni. Na koo ndiyo kazi yangu.

Nijitambulishe. Mimi ni mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa video ulio nyuma ya karakana ya baiskeli. Sisemi mtafsiri wa ofisini mwenye kamusi na miwani. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia, maikrofoni mkononi, televisheni ndogo mbele yangu. Napunguza sauti ya filamu, kisha nawasemea wote kwa Kiswahili papo hapo: mfalme, mchawi, joka, askari mia nne na wake zao. Onyesho la kwanza hurekodiwa, na diski zenye sauti yangu zimesambaa mpaka miji mitatu mbele. Wanaozitazama diski hizo ndio wasomaji wako. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na watu wananiita Sauti Saba, ingawa wangehesabu vizuri wasingeishia saba.

Mwenye ukumbi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jumatatu alikata ukurasa wako kwa mkasi, akaubandika mlangoni, akaniita niusome. Kisha akanishika bega kama mtu anayeleta habari ya msiba: "Shemeji, unaona mwenyewe. Watu wanaipenda filamu yenyewe." Maana yake ni kwamba mwezi ujao maikrofoni inaondolewa, zinaletwa diski mpya zenye maandishi chini ya picha, na mimi unga wangu unamwagika. Ushahidi wake ni gazeti lako. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, mwandishi wako wa burudani asije akasema nimeandika kwa hasira. Nimeandika kwa hasira, lakini kwa namba.

1. Tukio la tano katika orodha yenu ni joka kuchoma daraja. Wasomaji wanasema walitokwa machozi joka liliposema, "Mnisamehe, na mimi nina watoto." Mwandishi wako, ambaye amejaliwa kalamu akanyimwa masikio, akaongeza kwamba hapo mtunzi "ameufichua utu uliomo ndani ya mnyama". Ndugu Mhariri, joka lile halisemi. Katika filamu linanguruma dakika mbili, linapumua, basi. Watoto nililipatia mimi, kwa sababu benchi la mbele lilikuwa limeanza kupiga soga, na ukiliachia benchi la mbele lipige soga, la nyuma linakwenda nyumbani.

2. Tukio la nne ni mbilikimo kumjibu mfalme mbele ya baraza lote: "Nina kimo cha kutosha kuiona aibu yako." Maneno haya, nimeambiwa, yamesemwa hata kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Sasa mtu mmoja anayeijua lugha ya filamu ile amenihakikishia kwamba mbilikimo anauliza tu farasi wake amefungwa wapi. Naomba unieleze ni msomaji gani angeupigia kura ufungaji wa farasi.

3. Tukio la tatu ni vita vya bondeni, na hapa mwandishi wako amejivua nguo hadharani. Amesifu "ukimya wa kutisha wa dakika tano, uamuzi wa kijasiri wa kisanii". Hakuna ukimya katika vita vile. Kuna tarumbeta, kuna watu elfu wanaopiga kelele. Ukimya ulitokea kwa sababu sauti nilikuwa nimeipunguza na mimi nilikuwa nimekwenda haja. Niliporudi vita vimeisha, nikasema, "Tumeshinda, lakini kwa gharama gani?" Kwa hiyo hata pale ambapo sikuwepo, kazi ni yangu.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Lilimhusu mwandishi wako na malezi yake, na mke wangu, ambaye ndiye anayenakili barua hii kwa mwandiko unaosomeka, amekataa kulinakili.

5. Tukio la pili ni kilio cha farasi pale stelingi, shujaa wa filamu, anapoanguka. Farasi ni mimi.

6. Sasa tukio la kwanza, la filamu ya tano, ambalo mwandishi wako ameliita kilele cha filamu zote za zama zetu. Malkia amesimama langoni. Mumewe amepanda farasi, anakwenda vitani, na malkia anashika hatamu na kusema: "Nenda. Sikuombi urudi. Nakuomba tu usimtume mtu mwingine kuja kuniambia." Ni maneno kumi tu. Kinyozi wetu ameyaandika juu ya kioo chake. Fundi cherehani wa jirani akiyakumbuka huacha kukanyaga mashine. Nanyi mkampa sifa hizo mwigizaji mwenye taji, ambaye katika filamu anafungua mdomo mara tatu, pengine analalamika baridi! Maneno yale yalitoka nyuma ya pazia letu, kwa sauti ya kike ambayo haipatikani kwa mazoezi ya siku mbili, na mtaa mzima unajua nyuma ya pazia hukaa nani.

7. Hapa ndipo haki yangu inaposimama. Neno ni la aliyelisema, si la aliyefungua mdomo. Kwa hiyo nadai orodha ichapishwe upya, jina langu likiwa mbele ya kila tukio, na kwa herufi zisizopungua zile mlizompa malkia. Pia mwandishi wako aje akae siku moja kwenye kile kiti cha plastiki awasemee watu wanaopanda ngazi za mnara mbio, tuone kama pumzi itamtosha.

8. Nadai pia watengenezaji wa filamu waandikiwe barua kupitia ofisi yako. Warudi kule mlimani walikopigia filamu, wayapige upya matukio yote matano, yafanane na yale ambayo umma umeyachagua kwa kura halali. Joka lifunguliwe kinywa na lipewe watoto. Vita vya bondeni vipiganwe kimyakimya. Kwa upande wa farasi, niko tayari kusafiri. Na wakijifanya hawasikii, itangazwe rasmi kwamba filamu zile ni zangu mimi, na wao ni watu walionisaidia kuweka picha.

Nisalimie wapiga chapa, mchora katuni, mama anayefagia ofisi, na mlinzi wa getini. Mwandishi wako wa burudani usimsalimie.

Ni mimi, ninayesubiri haki yangu kwa sauti zote,

Sauti Saba
Mtafsiri, ukumbi wa video nyuma ya karakana

Tanbihi: Mke wangu amenakili mpaka hapo, kisha akaweka kalamu chini. Anasema bahasha haifungwi mpaka niandike sehemu hii kwa mkono wangu, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Siku tuliyoonyesha filamu ya tano kwa mara ya kwanza, sauti ilikuwa imenikauka kabisa. Nilikuwa nimelala chumbani kwetu, ambacho ukuta wake mmoja ndio wa ukumbi. Aliyeshika maikrofoni ni yeye. Hakuwa ameona hata filamu ya kwanza. Alipofika pale langoni akaona mwanamke amesimama na mwanamume anaondoka, akasema aliyokuwa nayo.

Maneno yale alikuwa ameniambia mimi, kituo cha mabasi, mwaka niliokwenda mbali kutafuta kazi, kabla sijaijua maikrofoni. Nilikubali kwa kichwa, nikapanda basi. Baada ya miezi minane nilimtuma dereva wa lori aje kumwambia asinisubiri. Nilirudi baadaye, akanifungulia mlango, na jambo lile hatukuligusa tena mpaka siku ile nilipolisikia kupitia ukuta, nikiwa kitandani.

Nimemuuliza kama nikuombe uandike jina lake kwenye tukio la kwanza. Amesema maneno yale hayakuwa ya gazeti, yalikuwa yangu mimi, mumewe. Kwa hiyo iache orodha yako kama ilivyo, Ndugu Mhariri, na malkia abaki na sifa zake, hata kama shemeji ataichukua maikrofoni. Niliambiwa maneno kumi kwa Kiswahili, ana kwa ana, na sikuyaelewa. Sijui nilikuwa namtafsiria nani miaka yote hii.