Shibiri Tano za Bati

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Daktari kasema Dada ataruhusiwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mguu bado uko kwenye plasta. Dada kaniambia nikamchukue mimi mwenyewe, kwa gari langu. Si teksi, si mtu mwingine. Mimi! Dada huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka mitano, na mpaka leo sijamfanyia lolote la maana. Nikatoka wodini kichwa kimevimba.

Nikaenda kulisafisha gari. Nikanyanyua zulia upande wa abiria. Nikamwona kuku akipita chini.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mke wangu kasema gari nimpelekee kaka yake. Kaka yake ni fundi bodi, ana gereji yake, na tunamwita Bwana Vipimo kwa sababu hawezi kukata hata mkate bila rula. Jioni kaja mwenyewe, hata kuitwa hajaitwa. Kachuchumaa, kagongagonga sakafu kwa nyundo ndogo, kasema kutu imekwenda mbali kuliko inavyoonekana. Ikatwe yote mpaka lipatikane bati zima, ndipo kiraka kishike. Siku mbili tu, na atafanya bure.

Bure! Hapo ndipo nilipoudhika. Nikamwambia asante shemeji, kazi yenyewe ndogo, naiweza. Laiti ningefunga mdomo.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimepasua debe la mafuta ya kupikia, nikalinyoosha kwa nyundo. Vipimo nilichukua kwa mkono. Shimo shibiri tatu, bati shibiri tatu. Rula ya nini? Nikapiga ribiti kumi na nne kuzunguka, zile pini za kubania bati. Kiraka kikang'aa! Nikamwita mke wangu aje aone. Nikaweka mguu mmoja kumwonyesha uimara wake.

Kiraka kikaenda chini na ribiti zote kumi na nne, pamoja na kutu iliyokuwa imezishika. Mguu wangu nao. Sasa shimo ni shibiri tano.

Bwana Vipimo alikuwa amesimama getini. Hakucheka. Bora angecheka. Kauliza kwa upole kama anaweza kuleta mashine ya kuchomelea. Nikamjibu nina mpango wangu. Sikuwa nao.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mpango umepatikana! Ufunguo wa chumba cha Dada ninao mimi, kaniachia nimfungulie madirisha. Chini ya kitanda kuna sanduku lake la shule, la bati nene la zamani, si haya ya siku hizi yanayobonyea ukiyatazama. Mfuniko wake kama umetengenezewa gari langu.

Ndani ya mfuniko kaandika kwa rangi nyeupe ratiba ya masomo. Kidato cha pili, mwaka alioacha shule ili anilee. Mwandiko mzuri sana. Nilisita, nakiri. Kisha nikajiuliza ratiba itamsaidia nini mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Nikaung'oa. Nguo zake nikazifunika kwa gazeti. Ukingo mmoja ulizidi, nikaukata kwa mkasi wa bati na kuutupa, na gari la taka likaubeba. Mkono ulikuwa mzito kidogo. Nadhani ni ule mkasi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Saa nne ilinikuta chini ya gari. Saa sita pia. Ribiti zilikataa kushika mpaka nilipozipigia kwenye bati zima, mbali na kutu, kama alivyosema yule jamaa.

Nilifika hospitali saa nane na nusu. Dada alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, magongo yameegemezwa ukutani. Muuguzi kaniambia wamemwuliza mara nne kama wamwitie mtu mwingine. Kila mara kajibu kwamba mdogo wake yuko njiani.

Nikamsaidia kupanda. Lami niliyopaka pembezoni ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo zulia sikuweka. Akainama auweke mguu sawa. Kisha akasoma, taratibu: Jumatatu, Hesabu, Jiografia. Jumanne, Kiswahili. Nikawasha redio. Akaizima.

Akaniomba niendeshe polepole. Nikamwambia asiogope, sakafu ni imara. Akasema haogopi, ila hataki kuikanyaga. Mguu mzima kaukunja juu ya kiti. Ule wa plasta kaushikilia kwa mikono miwili, njia nzima. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimeomba msamaha. Nimelia mbele ya mke wangu. Dada kasema yamekwisha, nikanawe uso.

Bwana Vipimo kaja akazitoboa ribiti moja moja, akautoa mfuniko bila mkwaruzo, akampelekea Dada ukiwa umefungwa kwenye shuka. Zimebaki Jumatatu hadi Alhamisi. Safu ya Ijumaa ndiyo ule ukingo nilioukata. Kasema atatafuta bati la unene uleule, atakaa na Dada amwelekeze ilivyokuwa, kisha ataunganisha. Wiki moja.

Wiki! Aliyeharibu mimi, atengeneze yeye, Dada amshukuru yeye? Nimeapa sitafanya tena kazi kwa pupa. Kwa hiyo nitaanza kesho asubuhi na mapema, kabla hajafika. Bati la unene uleule nimeshaliona: paa la gari. Safi, halina kutu hata punje. Masomo ya Ijumaa yalikuwa yapi sijui, na kumwuliza Dada ni kumchosha. Nitaandika Hesabu kuanzia asubuhi mpaka jioni.