Bahasha ya Kaki na Nia Yangu

Jumatatu, 6 Mei
Sheria ya Jinai imeniangusha tena. Alama thelathini na moja! Chuo hiki hakina mara ya tatu mpaka kamati ikubali, na kamati inakaa Alhamisi. Bila barua ya Mwalimu wa somo hili kunitetea, narudi kwa mama, ambaye ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni wakili. Nilimwomba Mwalimu. Akasema ataona. Ataona nini? Huyu ndiye aliyeniandikia "Soma!" kwa wino mwekundu kurasa nne mfululizo.

Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Kifungu maana hata akiomba chumvi hutaja sheria, kapata themanini na nane. Kabandika karatasi yake ukutani, upande wa kitanda changu. Mshenzi.

Nina mpango.

Jumanne, 7 Mei
Mpango ni huu: kamati ikikubali, niingie kwenye mtihani nikiwa nimeshauona. Katibu wa Mwalimu, dada mmoja mpole, hutoka saa nne kamili kwenda kunywa chai, na mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo. Leo hakuuinua. Nikazama ndani. Mezani bahasha ya kaki, imeandikwa SIRI. Mungu wangu! Nikaitia ndani ya shati, nikatoka natembea kama mwenye kiungulia.

Nikaifungulia chooni. Si mtihani. Ni barua ya Mwalimu kwa kamati, inanihusu mimi! "Kijana huyu si mwepesi wa kuelewa, lakini ni mwaminifu, na hajawahi kukosa darasa. Naomba apewe nafasi."

Nilikaa humo nusu saa. Nililia kidogo. Mtu aligonga akauliza kama naumwa.

Jumatano, 8 Mei
Vurugu ofisini. Barua iliyopotea ina sahihi ya mkuu wa idara, naye amesafiri, hakuna wa kuitia sahihi nyingine. Lawama zote kwa dada katibu, eti aliacha mlango wazi. Ataandikiwa onyo. Nilimkuta kwenye ngazi anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia kompyuta. Roho iliniuma, nasema kweli.

Nikamuuliza Kifungu, kwa niaba ya "rafiki yangu". Hakuinua hata kichwa. Akasema kosa lina miguu miwili, kitendo na nia. Mmoja ukikosekana, kosa halisimami. Tena mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshtaki. Kwa hiyo rafiki yangu arudishe kitu cha watu, afunge domo lake. Halafu akauliza rafiki yangu huyo anaendeleaje na masomo. Fedhuli!

Kurudisha, sawa. Lakini kufunga domo? Dada wa watu ataponaje? Nikaandika ukurasa mmoja, bila jina: "Katibu hana kosa. Barua niliichukua mimi, nikiamini ni mtihani. Nia ya kuiba barua sikuwa nayo kamwe. Nilitaka kuiba mtihani tu." Nikauweka pamoja na barua, nikapitisha chini ya mlango wa ofisi.

Kitendo kipo, nia hakuna. Kosa halisimami! Nalala fofofo.

Alhamisi, 9 Mei
Saa mbili asubuhi naitwa na Mwalimu. Mwandiko wangu kausahihisha miaka miwili, anaujua kuliko mama mzazi. Nikamwamkia shikamoo. Karatasi yangu iko mbele yake, wino mwekundu tayari: hilo linaitwa jaribio la wizi, nalo ni kosa.

 Kisha akasema dada katibu ameshaombwa radhi, na kwa kuwa sikumwacha abebe mzigo wangu, karatasi hii ataichana. Akaichana! Akasema barua inakwenda kwenye kamati. Mimi huko nina haki moja, ya kunyamaza, na niitumie yote. Kidogo nimpigie magoti.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Wakasoma barua, wakatikisa vichwa kukubali, dakika tatu tu. Mwenyekiti akafunga faili, akauliza, kwa adabu tu, kama nina la kuongeza. Mwalimu, aliyekaa kando yangu, akanikanyaga mguu. Lakini jamani, barua imeniita mwaminifu! Ningekaaje kimya? Nikasimama. Nikaeleza dakika ishirini: kitendo, nia, shati, choo. Sijawahi kueleza sheria vizuri namna ile. Nilipokaa, Mwalimu alikuwa kafunika uso kwa viganja.

Ombi limekataliwa.

Ijumaa, 10 Mei
Mwalimu kanifuata mwenyewe bwenini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Amesema nina siku saba za kukata rufaa, na kamati bado ina huruma. Niandike mistari mitatu: nimekosa, samahani, naomba nafasi. Mitatu, mwanangu, akarudia, akanionyesha vidole.

Mwalimu, mama wa watu, ana moyo mzuri. Ila kwa kesi kubwa kama hii, mistari mitatu haitoshi. Rufaa yangu imefika kurasa tisa. Na ili wajue sifichi kitu, nimeanzia kwenye dirisha la ofisi nililojaribu kulifungua mwaka jana, na hakuna mtu aliyewahi kunishuku.

Nimeipeleka kwa mkono wangu, nakala tano, kila mjumbe na yake.