Upepo na Ndege ya Mtaliano

Asubuhi ya Julai pale Ipogolo, kahawa ya mzee Alawi, muuza kahawa, ilikuwa inapoa kabla haijafika mdomoni. Sosthenes, dereva wa bajaji aliyebatizwa jina Upepo baada ya kung'oa mapazia yote ya turubai, alikuwa benchini anamsubiri Juliana, nesi anayempandisha mjini kila siku. Leo alikuwa ameapa kumwambia kwamba anampenda.

Kasian, fundi pikipiki wanayemwita Maktaba, akainua simu. "Wamefufua ndege ya Mtaliano, ya Vita ya Pili ya Dunia. Imeruka juzi."

"Ilikuwa na mizinga mingapi?" Alawi akauliza.

"Mizinga wapi! Bunduki mbili tu."

"Mbili? Si utamkera adui tu?"

"Injini dhaifu, mzee. Ukiipakia silaha nyingi, haipandi."

"Sasa ilipigana na nini?"

"Kona. Kwa kukata kona, hatari!"

Sosthenes akaweka kikombe chini. "Mnaona? Wepesi ndiyo kila kitu. Mapazia yangenivuta mlimani."

"Turubai likuvute wewe?" akasema Jailos, dereva mwenzake, aitwaye Sebule kwa sababu bajaji yake ina mapazia, zulia na vitambaa vya kufuma.

"Subirini," Maktaba akasema. "Kiwanda kiliwawekea marubani kioo cha kuwafunika. Wakakikataa! Wanataka upepo wa usoni. Ikabidi kiwanda kifungue."

"Watu wa maana sana hao," Sosthenes akasema. Aliguswa kweli.

"Upepo, kule juu ni barafu!" Sebule akasema.

"Rubani lazima aisikie hali ya hewa."

"Mbona wewe umevaa makoti mawili, na soksi mikononi?"

"Naisikilizia humo humo."

Alawi akamwongezea kahawa. "Maktaba, hiyo ndege ilibeba abiria wangapi?"

"Hakuna. Rubani peke yake."

"Basi hawana kosa. Hawakumgandisha mtoto wa mtu."

Juliana akatokea, kajitanda kitenge, anakohoa. "Kamwene," akasalimia.

"Kamwene," wakaitikia. Sosthenes alishasimama.

"Kaka Upepo, nisamehe. Wiki hii nimekohoa mpaka wagonjwa wananipa pole." Akaingia kwenye bajaji ya Sebule.

Benchi zima likatazama kahawa. Sosthenes ilimuuma, akashindwa hata kuficha. Sebule alipowasha tu, Sosthenes akakimbia, akafunua pazia, akajipenyeza akaketi pembeni ya Juliana.

"Wewe unakwenda wapi?" Sebule akauliza.

"Mjini, kwa fundi wa turubai. Halafu lifunge vizuri hilo pazia. Kumbe huku nyuma kuna baridi hivi!"